Sura ya Saba: Mlango wa Kanisa la Jirani

Walipoingia ofisini walisema, "Bwana Yesu asifiwe." Katibu wa parokia, mama wa makamo aliyekuwa akipanga vyeti vya ubatizo kwenye faili, aliitikia "Amina" na kuwasogezea benchi. Hakuwauliza jina wala walikotoka, lakini alikwishajua. Mkatoliki angeingia na "Tumsifu Yesu Kristu," naye angejibiwa, "Milele na milele, amina." Salamu moja tu, na mama yule alijua kuwa wageni wake wanamwamini Yesu na kwamba si wa nyumba ile.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, katika ofisi ya parokia moja ya upande wa Mikocheni, Dar es Salaam. Mimi nilifuata cheti cha ubatizo cha mtoto wa ndugu yangu, na ofisi yenyewe ni ndogo, maneno yote yanasikika.

"Shikamoo mama," alisema binti.

"Marahaba, wanangu. Niwasaidie nini?"

"Tunataka kufunga ndoa hapa, mwezi wa kumi na mbili."

"Hongereni sana. Mko jumuiya gani?"

Kimya. Kijana alitazama kiganja chake, kisha akasema taratibu kwamba yeye ni msharika wa KKKT, yaani Mlutheri, na mchumba wake ni Mmoraviani. Mama alifunga faili, akawatazama bila kukunja uso. "Basi ngojeni Padre atoke kwenye maungamo," alisema. "Hili la kwenu ni lake."

Padre alipokuja aliwauliza mambo matatu tu. Kuna Mkatoliki kati yenu? Hakuna. Mmebatizwa wote? Ndiyo, wote, utotoni. Wachungaji wenu wanajua kwamba mko hapa? Kwa swali hilo la tatu wote wawili waliinamisha macho.

Niliwafahamu zaidi baadaye, nao wameniruhusu niwasimulie bila kuwataja majina. Ninaanza na habari yao kwa sababu swali lao nimelisikia mara nyingi mno katika kamati za harusi za jiji hili: je, wachumba wasio Wakatoliki wanaweza kufunga ndoa katika kanisa Katoliki? Jibu la mkato ni hapana, isipokuwa kwa nafasi chache sana. Lakini jibu la mkato limeumiza watu wengi, maana limesikika kama dharau. Sura hii ni ya kuonyesha kwamba ndani ya hapana hiyo imo heshima, tena heshima kubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Kwa nini kanisa la watu wengine?

Mikocheni ilipata jina lake kutokana na mikoche, ile minazi ya mwitu yenye vichwa vilivyogawanyika ambayo leo imebaki michache. Waliojenga hapa walitoka kila kona ya nchi, na kila mmoja alikuja na kanisa lake. Ukipita Barabara ya Mwai Kibaki siku ya Jumapili utakuta Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana na Wapentekoste wakipishana kwenye foleni moja ya magari. Ni Mikocheni B ambako Mchungaji Getrude Rwakatare, aliyefariki mwaka 2020, alilikuza kanisa la Mlima wa Moto hadi likajulikana nchi nzima. Majirani ni majirani. Watoto wanasoma pamoja, misiba inaombolezwa pamoja, na michango ya harusi inapita nyumba kwa nyumba bila kuuliza dhehebu.

Katika hali hiyo, mtu kutamani kanisa la jirani si ajabu. Sababu nilizozisikia ni nyingi. Wapo ambao usharika wao bado unasali chini ya turubai au katika ukumbi wa kupanga, nao wanaona haya kuwaleta wakwe hapo. Wapo wanaotaka kuwa karibu na ukumbi wa sherehe, kwa kuwa Jumamosi jioni foleni ya kutoka mjini inaweza kuwafikisha maharusi saa mbili nyuma ya ratiba. Wapo waliopenda jengo tu. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu pale Kivukoni, ambalo Wabenediktini wa Kijerumani walilijenga kati ya 1897 na 1902, ni zuri machoni pa mtu yeyote, na Azania Front ya Walutheri, ya umri uleule, imesimama hatua chache kutoka hapo kando ya bahari hiyohiyo.

Lakini binti yule Mmoraviani alikuwa na sababu nyingine. Alisoma sekondari ya bweni kwa masista. Miaka minne aliamka kwa kengele yao, akaimba kwaya yao, na katika kikanisa chao ndipo alipopiga magoti usiku alipopata habari kwamba baba yake amefariki. Sista mmoja alikaa naye hadi asubuhi. "Nilipofikiria kiapo kikubwa kuliko vyote," aliniambia, "nilijiona niko mahali pale." Hapo hakuna suala la picha wala foleni. Huyu dada alikuwa anatafuta mahali ambapo Mungu aliwahi kumsikia, na asiyeielewa haja hiyo hafai kumjibu.

Padre hana mamlaka hayo

Tuanze na sheria, kwa kuwa watu wengi hudhani kwamba padre akiwa mpole atakubali na akiwa mkali atakataa. Si hivyo. Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983, kanuni ya 1109, zinampa paroko uwezo wa kusimamia ndoa ndani ya eneo lake, hata ndoa za watu wasio waumini wake, mradi angalau mmoja wa wachumba ni wa Kanisa la Kilatini, yaani Mkatoliki wa kawaida tunayemfahamu huku kwetu. Pasipo Mkatoliki hata mmoja, paroko hana uwezo huo, kama vile Mkuu wa Wilaya wa Kinondoni asivyoweza kutia sahihi mambo ya Temeke. Upole wake hauongezi kitu.

Kanuni ya 11 nayo inasema kwamba sheria ambazo Kanisa limejiwekea lenyewe zinawafunga waliobatizwa ndani yake au waliopokelewa humo. Mlutheri hafungwi nazo. Kanisa Katoliki halimdai aje kwa padre, halimdai matangazo ya Jumapili tatu wala mafundisho ya ndoa ya parokia. Linamwacha huru chini ya kanisa lake.

Na kutoka hapo tunafika kwenye jambo ambalo nimeona likiwashangaza hata Wakatoliki wazoefu. Kanuni ya 1055 inafundisha kwamba agano halali la ndoa kati ya wabatizwa wawili ni sakramenti. Haikusema "Wakatoliki wawili", imesema wabatizwa. Kwa hiyo Mlutheri na Mmoraviani wakiapa mbele ya mchungaji wao, katika kanisa la bati au chini ya turubai, Kanisa Katoliki linaihesabu ndoa hiyo kuwa ya kweli, tena sakramenti. Linaihesabu hivyo hata kama Walutheri wenyewe, kwa mafundisho ya Martin Luther, huita sakramenti ubatizo na Meza ya Bwana tu.

Padre aliwaeleza wale wachumba jambo hilo polepole, akigonga meza kwa kidole kila alipofika mahali pa kukazia. "Msifikiri ndoa ya huku ndiyo ya kweli na ya kwenu ni ya daraja la pili," alisema. "Mkifunga kwa mchungaji wenu, mimi hapa nawatambua kuwa mume na mke, na siwezi kuwatenganisha. Sasa nikiwafungisha mimi bila yeye kujua, nitakuwa nimesema mchungaji wenu si kitu. Nanyi mtakuwa mmesema hivyo pia."

Kijana alinyanyua kichwa. Nadhani alikuja akitarajia kuambiwa kwamba hafai. Badala yake aliambiwa kwamba alicho nacho kwao kinatosha.

Serikali nayo haipendelei mlango wowote. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya kiserikali, ya Kikristo, ya Kiislamu na ya kimila, na zote zina nguvu ileile. Padre na mchungaji hufungisha ndoa kwa leseni ya aina moja. Cheti kitakachotoka kanisa kuu la mjini na kile kitakachotoka chini ya turubai la Mbezi vina uzito sawa mbele ya hakimu, mbele ya benki, na mbele ya ofisi ya mirathi.

Nafasi chache zilizopo

Nilisema zipo nafasi chache. Inafaa zijulikane, ili mtu asikate tamaa mapema wala asijidanganye.

Ya kwanza ni ya Wakristo wa Makanisa ya Mashariki yasiyo na ushirika kamili na Roma, kama Waorthodoksi. Mwaka 2016 Papa Fransisko aliongeza kipengele katika kanuni ya 1116: askofu anaweza kumruhusu padre Mkatoliki kubariki ndoa ya waamini wa Makanisa hayo, ikiwa wameomba wenyewe kwa hiari yao na hakuna kizuizi cha ndoa hiyo. Padre anatakiwa, kwa busara, kuyajulisha mamlaka ya Kanisa lao. Katika jiji la bandari kama Dar es Salaam, lenye Wagiriki wa siku nyingi na Waethiopia na Waeritrea wa siku hizi, kipengele hicho si cha vitabuni tu. Lakini tazama kilivyoandikwa: hata pale mlango ulipofunguliwa, Kanisa la wahusika halikurukwa.

Ya pili ni kuazima jengo. Mwongozo wa Uekumene uliotolewa na Vatikani mwaka 1993, katika namba ya 137, unasema kwamba makanisa ya Kikatoliki kwa kawaida ni kwa ajili ya ibada ya Kikatoliki. Lakini jumuiya nyingine ya Kikristo isipokuwa na mahali pa kusalia ibada zake kwa heshima, askofu wa jimbo anaweza kuiruhusu itumie kanisa au jengo la Kikatoliki. Basi usharika ambao paa lake limeezuliwa na mvua za masika unaweza kuomba, na mchungaji wake akaongoza ibada yake mwenyewe mle ndani. Anayeomba ni jumuiya kupitia kiongozi wake, na anayekubali ni askofu. Wachumba wawili waliovutiwa na madirisha ya rangi hawamo katika maneno hayo.

Ya tatu iko mbali nasi, nayo inafundisha. Japani Wakatoliki hawafiki hata asilimia moja ya watu wote, na huko, tangu miaka ya 1970, maaskofu wana idhini ya Roma ya kufungisha ndoa kanisani hata kwa wachumba ambao wote wawili si Wakristo, baada ya kuwapa mafundisho ya maandalizi. Sababu yao inaeleweka. Kwa Mjapani wa kawaida, harusi huenda ikawa siku pekee maishani ya kuketi na padre na kuzungumza juu ya upendo usiovunjika. Kanisa limeiona siku hiyo kuwa nafasi ya kupanda mbegu.

Kwa nini basi isiwe hivyo Mikocheni? Kwa sababu hapa mbegu ilikwishapandwa. Wachumba wanaobisha hodi hapa kwa kawaida ni Wakristo wenye makanisa yao, wachungaji wao, kwaya zao na wazee wao. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Kilema mwaka 1890 na Kibosho mwaka 1893; mwaka huohuo wa 1893 Walutheri wa Leipzig walianza kazi Machame. Wamoraviani walikuwa Rungwe tangu 1891. Mjukuu wa Machame na mjukuu wa Rungwe wanapokutana Dar es Salaam, nyuma ya kila mmoja kuna zaidi ya miaka mia moja ya sala. Anayewapokea kana kwamba wametoka patupu, hata kwa nia njema, anawafuta babu zao.

Mmoja wenu akiwa Mkatoliki

Mambo hubadilika kabisa pale mmoja wa wachumba anapokuwa Mkatoliki, na katika jiji letu hali hii ndiyo ya kawaida zaidi. Machame na Kibosho, zilizogawanywa na bonde na misheni, leo zinaishi Mikocheni ukuta kwa ukuta, na vijana wao wanachumbiana.

Zamani ndoa za namna hiyo zilibeba aibu. Chini ya Sheria za Kanisa za mwaka 1917, ndoa ya mseto ilifungwa nje ya kanisa, mara nyingi sakristia, mle chumbani wanamovalia mapadre, bila Misa. Na asiye Mkatoliki alitakiwa kutoa ahadi kuhusu watoto. Wapo bibi na babu wanaokumbuka bado walivyosimama kati ya kabati la kanzu na sanduku la mishumaa siku ya harusi yao. Mwaka 1970 Papa Paulo VI alibadili utaratibu huo. Leo ndoa ya Mkatoliki na Mkristo mbatizwa mwingine inafungwa kanisani, mbele ya watu wote.

Kinachohitajika ni kibali cha askofu, ambacho paroko ndiye anayekiomba. Mkatoliki anatamka kwamba yuko tayari kuilinda imani yake, na anaahidi kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa katika Kanisa Katoliki. Mwenzake haahidi chochote. Anajulishwa tu, ili aingie kwenye ndoa akijua mwenzake amejifunga kwa lipi. Naomba wachumba wasipite haraka hapa. Maneno "yote awezayo" yanakiri kwamba kuna mzazi wa pili mwenye dhamiri yake, na kwamba jambo hili litaamuliwa na watu wawili mezani kwao. Lizungumzeni kabla ya mahari. Nimeona ndoa iliyopendeza kwa miaka mitatu ikaanza kuuma siku mtoto alipofikisha umri wa kubatizwa, kwa sababu kila upande ulidhani upande wa pili umeshakubali kimyakimya.

Ikiwa mwenzake ni Mwislamu au hajabatizwa, hapo pana kizuizi cha tofauti ya dini, na bila askofu kukiondoa ndoa hiyo haiwi halali mbele ya Kanisa. Kikiondolewa, ndoa inaweza kufungwa kanisani au mahali pengine panapofaa, kwa ibada isiyo na Misa.

Kuna mambo mengine matatu ambayo familia nyingi huyajua zikiwa zimechelewa. La kwanza, Mkatoliki akitaka kufunga ndoa katika usharika wa mwenzake, inawezekana: askofu anaweza kumwondolea wajibu wa kuapa mbele ya padre. Lakini aombe kabla. Akienda bila ruhusa, au akimalizia bomani tu, Kanisa lake halitaitambua ndoa hiyo, ingawa Serikali itaitambua. La pili, hakuna kufunga mara mbili. Ile mipango ya asubuhi kwa padre na mchana kwa mchungaji, ili pande zote zifurahi, imekatazwa na kanuni ya 1127, na kwa haki: kiapo kikirudiwa, kipi kilikuwa cha kweli? La tatu, Mlutheri aliyewahi kufunga ndoa halali na kuachana si huru kumwoa Mkatoliki, kwa sababu Kanisa lilikwishaiheshimu ndoa yake ya kwanza. Atatakiwa kupita mahakama ya Kanisa. Heshima niliyoieleza pale juu inamfuata mtu hata asipoihitaji.

Na kuhusu Misa, kawaida ya ndoa ya mseto ni ibada ya Neno na kiapo, bila Ekaristi, ingawa askofu anaweza kuruhusu Misa. Wengine huona wamepunjwa. Lakini fikiria nusu ya kanisa inasimama kwenda kukomunika na nusu inabaki kwenye mabenchi, na mama wa bwana harusi yumo katika hiyo nusu iliyobaki. Siku ya kuunganisha koo mbili, ibada fupi inayowaweka wote kwenye wimbo mmoja ina upole wake.

Kubadili dhehebu kwa ajili ya siku moja

Anayeambiwa hapana hushauriwa na rafiki: "Si ubatizwe tu Ukatoliki, mwezi mmoja umekwisha." Ushauri huu nimeusikia mara nyingi, na kila mara unanisikitisha. Kwanza ni uongo. Mlutheri aliyebatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, habatizwi tena, kwa maana Kanisa Katoliki linautambua ubatizo wake. Anafundishwa, anaungama imani, anapokelewa. Na mafundisho hayo hayana haraka, kwa sababu kinachosubiriwa ni moyo kukomaa.

Wapo waliovuka kwa imani, wakadumu, na ninawaheshimu. Lakini aliyevuka kwa ajili ya jengo hurudi alikotoka picha zikishapangwa kwenye albamu, na hapo ameacha nyuma yake ahadi mbili: moja aliyomwambia Mungu asiyoimaanisha, na nyingine aliyomwambia mwenzake ambayo sasa mwenzake anaanza kuitilia shaka. Ndoa inaanza na neno. Ole wake anayelianza kwa kulichezea.

Kabla hamjachapisha kadi

Haya ndiyo ninayowaambia wachumba wanaonijia. Nendeni kwa mchungaji wenu kabla ya kwenda kwa padre, na kama mmoja wenu ni Mkatoliki, nendeni parokiani kwake miezi sita kabla, siyo baada ya kamati kulipia ukumbi. Mkatoliki apitie jumuiya yake ndogo ndogo, kwa sababu parokia nyingi hapa mjini zitamdai barua ya jumuiya. Kila mmoja atafute cheti cha ubatizo, hata kama kiko Rungwe au Rombo na mvua inanyesha. Kumbukeni kwamba Sheria ya Ndoa inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe angalau siku 21 kabla; matangazo ya Jumapili tatu yanakaribiana na siku hizo, na kazi yake ni moja: kuwapa wanaowajua nafasi ya kusema.

Na hapo ndipo mzizi wa jambo lote ulipo: wanaowajua. Kwa nini matangazo husomwa mbele ya watu waliokuona ukikua? Kwa nini sheria ya Kanisa na ya nchi zote zinadai mashahidi wawili? Kwa sababu ndoa imekabidhiwa kwa watu, na watu hao wanapaswa kuwa karibu siku itakapotikisika.

Wale wachumba walitoka ofisini siku ile bila tarehe, lakini si bila kitu. Padre aliwasindikiza hadi getini. Binti alimweleza habari za masista na usiku ule wa msiba, naye alisimama akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwambie mchungaji wenu anialike. Na hao masista waalike pia."

Ndoa ilifungwa Desemba, usharikani kwa kijana, kanisa la matofali ambalo upande mmoja bado halijapigwa lipu. Kwenye benchi la tatu walikaa masista wawili waliosafiri usiku kucha kwa basi, na kando yao padre wa Mikocheni. Hakuvaa kanzu ya ibada wala hakupanda madhabahuni. Maharusi walipoanza kuapa, alisimama na usharika mzima, mikono ameifumbata mbele, kama mtu aliye mbele ya kitu ambacho Kanisa lake linakiita kitakatifu.

Mwaka wa pili walipoteza mimba ya miezi saba. Binti alirudi kutoka hospitalini akiwa hasemi na mtu. Jioni ile wamama wa usharika walifika bila kupigiwa simu, mmoja na chupa ya uji, mwingine na kanga, wakakaa chini mkekani. Hawakuhubiri. Waliosha vyombo, wakafua, wakalala hapo zamu kwa zamu kwa siku nne. Siku ya tatu usiku mmoja wao alianza kuimba kwa sauti ya chini wimbo uleule walioimba siku ya ndoa, na binti akaitikia ubeti wa pili.

Wamama hao walikuwepo siku anaapa. Ndiyo maana walijua njia ya kwenda kwake.